Mgeni wa uani anapekua siri za marehemu mkwe wangu

*Shangazi, shikamoo. Nimeolewa miaka 14, tunaishi Kihonda, Morogoro, katika nyumba ya marehemu baba mkwe, pamoja na mama mkwe. Mume wangu ana dada mmoja tu, ameolewa Dodoma. Mwezi wa tatu alikuja mwanaume wa makamo na begi moja akiomba kibarua, mume akampa chumba cha uani. Anasema amezunguka sana: Tunduma, machimbo ya Chunya, mashamba ya mpunga Ifakara. Haikupita muda akaanza kuwauliza wazee msikitini habari za baba mkwe, aliyefariki 2011. Nilipopekua begi lake nikakuta picha ya baba mkwe akiwa kijana, nyuma imeandikwa "Mlimba 1973". Mama mkwe alipoiona alilia, akajifungia chumbani. Sasa usiku mume na mgeni wananong'ona, nikitokea wananyamaza. Sanduku la marehemu limefunguliwa, ndani nikaona karatasi kuukuu yenye mhuri, mama akaiwahi. Na mume amekataa kusaini mauzo ya nyumba wakati mnunuzi wa milioni 80 tumeshampata. Naogopa mtu huyu atatudhuru. Picha ninayo mimi. Niende polisi?*
*Mama Wawili, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kukosa usingizi. Pole yangu inaishia hapo.

Barua yako umeiandika kama filamu ya kutisha. Nikiiondolea hofu zako, nabaki na mtu aliyefika, akaomba kazi, akafanya kazi, akauliza habari za marehemu kwa wazee, tena msikitini, mbele za watu. Mwenye nia ya kudhuru haanzii msikitini. Aliyepekua begi la mwenzake ni wewe, na anayekaa na kitu kisicho chake ni wewe. Ukifika polisi na picha hiyo mkononi, utaulizwa kwanza umeipata wapi.

Kinachokunyima usingizi umekitaja mwishoni kabisa, kwa haraka: milioni 80. Na hiyo "tumeshampata" ni wewe na nani? Mume amekataa. Mama mkwe hujasema kama anajua. Wifi yako wa Dodoma yupo kwenye barua kama jina la mji tu. Neno mirathi halimo hata mara moja, ilhali mzee amefariki tangu 2011. Mumeo nampa haki: kakataa kusaini karatasi isiyo na nguvu. Hakuna mtu anayeweza kuuza nyumba ya marehemu kabla mahakama haijateua msimamizi wa mirathi, hata kama hati mnaifungia kabatini.

Tuje kwenye picha. Mlimba, 1973. Reli ya TAZARA ilijengwa kuanzia 1970 hadi 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Kipande cha Mlimba kwenda Makambako ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote, milima mitupu, madaraja na mahandaki. Vijana wetu waliokwenda huko kazini waliishi kambini kwa miaka, na kijana wa damu moto akikaa mahali miaka, huoa au huzaa. Wengine walirudi na familia, wengine walirudi na mshahara tu. Mtoto wa mwaka huo leo amevuka hamsini. Mama mkwe wako hakulia kwa mshangao, mwanangu. Mwanamke anayeshangaa huuliza, "Huyu ni nani?" Yeye kajifungia. Habari hiyo anayo siku nyingi.

Sasa ile karatasi yenye mhuri. Sijaiona na wewe hujaisoma, lakini mambo yote yamelalia hapo. Kwa kuwa nyie ni Waislamu, swali si kama mgeni ni mtoto wa mzee. Swali ni kama mzee alimuoa mama yake. Aliyezaliwa nje ya ndoa harithi kwa baba, ila baba angeweza kumwachia wasia usiozidi theluthi ya mali. Aliyezaliwa ndani ya ndoa ni mrithi kamili, sawa na mumeo bila kupungua hata shilingi.

Hesabu yenyewe hii hapa, maana najua ulishaanza kuipiga. Kwenye milioni 80, na kama mama yake mgeni hakuwa mke wa mzee wakati mzee anafariki, mama mkwe ana thumuni, milioni 10. Zinabaki 70. Wakiwa mumeo na wifi yako peke yao, zinagawanywa mafungu matatu, wifi moja, mumeo mawili, kama milioni 46.7. Akiongezeka kaka, mafungu yanakuwa matano ya milioni 14: mumeo 28, kaka yake 28, wifi 14. Mumeo anapungukiwa karibu milioni 19. Na uone hata bila mgeni huyo, milioni 80 hazikuwa zenu.

Mnahakikishaje? Picha pekee haitoshi, picha inaweza kuokotwa. Akae na mumeo na wazee, aulizwe jina la mama yake, kambi gani, nani alikuwa walii aliyemwozesha, mashahidi wa ndoa walikuwa akina nani, nani alimlea. Mwaka wa kuzaliwa ulio kwenye kitambulisho cha NIDA msiutegemee sana, watu wengi wa umri wake walikadiriwa; tafuteni kumbukumbu za shule aliyosoma. Na sanduku lipekuliwe na wenyewe (si wewe): barua za zamani na stakabadhi za posta za fedha alizotuma mzee husema mengi.

Wakitaka kipimo cha vinasaba (DNA), wapitie kwa wakili, ofisa ustawi wa jamii au mahakama, wapewe barua ya kwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Kila mtu anatoa sampuli mwenyewe, kwa ridhaa yake. Ole wako nisikie umekusanya nywele kwenye kitana cha mtu. Kwa kuwa mzee hayupo, kipimo cha ndugu wa baba mmoja hakina uhakika kama cha baba na mwana, maana ndugu hao hushirikiana kama robo tu ya vinasaba. Mama mkwe akikubali kutoa sampuli inasaidia sana: maabara hutambua kilichotoka kwake ndani ya mumeo, kinachobaki ni cha mzee. Kipo pia kipimo cha kromosomu Y, inayotoka kwa baba kwenda kwa mwana, lakini hicho hakitofautishi mtoto wa mzee na mtoto wa kaka yake mzee, na kwenye kambi za kazi ndugu huitana. Tena kipimo huonyesha damu. Ndoa hakionyeshi.

Baada ya hapo, kikao cha ukoo, mgeni akiwepo na wifi akiwepo. Muhtasari uandikwe na usainiwe, upelekwe na cheti cha kifo Mahakama ya Mwanzo ya eneo alilokuwa akiishi mzee. Maombi huwa Fomu namba 1, tangazo hutolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze, kisha msimamizi hupewa Fomu namba 4, ya uteuzi wake. Ndani ya miezi minne anawasilisha orodha ya mali na madeni, Fomu namba 5, na baadaye hesabu za mgawanyo, namba 6. Shehe atawapigia mafungu vizuri, ila uteuzi ni wa mahakama. Panapoharibika ni pale familia inapoliacha jina la mtu kwa makusudi. Akija na pingamizi, uteuzi unaweza kutenguliwa, na mnunuzi anabaki anawadai nyie.

Ndoa za siku hizi zina shida moja: mke anaingia anaijua thamani ya nyumba kabla ya kumjua mama mwenye nyumba. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mama mkwe wako kalala na jambo hilo miaka hamsini, kakulelea mume mpaka ukamkuta mtu mzima, na siku limefumuka wewe unachungulia mlangoni ukihesabu. Minong'ono ya mumeo usiku haikulengi wewe. Mwanaume anayegundua ana kaka ukubwani hajui hata aanze kumwitaje, muache anong'one.

Picha irudishe leo, mkononi mwa mwenyewe, na useme uliitoa wapi. Mama mkwe mpelekee uji, kaa naye, usiulize kitu. Mnunuzi nahisi umeshapokea advansi yake, ndiyo maana una haraka hivi. Mrudishie yote, mwandikishiane kwa mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wawili, na mumeo ajue kabla hujatoka nyumbani.