Daktari Akisema Subiri, Muulize Anasubiri Nini

Jumanne usiku nilipokea ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Kasarani. Baba yake kapatwa na mshtuko wa moyo, anahitaji baipasi, yaani upasuaji wa kuipa damu njia mpya kando ya mishipa ya moyo iliyoziba, na madaktari wamewaambia wangoje siku 5. "Kaka, hawa si wanatuchezea tu?" Niliusoma mara tatu. Miaka miwili iliyopita maneno hayo yalikuwa yangu.

Mzee wangu alikuwa na miaka 64 na sukari ya muda mrefu. Kifua kilimbana alfajiri, pale kwetu Umoja, akasema ni asidi, akaomba maziwa. Tukampa. Tulitoka nyumbani saa tano, shati lake limelowa jasho kama aliyenyeshewa. Saa hizo tulizopoteza zinaniuma mpaka leo.

Hospitali walimpima umeme wa moyo na damu, wakampa aspirini na klopidogreli. Kesho yake picha ya mishipa ikaonyesha mitatu imeziba, na shina la kushoto, yaani mshipa mkuu unaolisha upande wa kushoto wa moyo, limebana vibaya. Daktari alituchorea moyo nyuma ya fomu ya maabara. "Huyu ni wa baipasi," akasema, "lakini si leo."

Niliwaka. Baba mdogo naye akaandika kwenye kikundi cha familia kwamba hospitali inangoja pesa, na kwamba mimi ndiye ninayekalia mchango. Aliandika mbele ya watu 83. Hajawahi kuyafuta maneno yale wala kuniomba radhi. Nimejaribu kusamehe, bado najaribu.

Aliyenitoa gizani ni muuguzi wa zamu ya usiku. "Usimuulize daktari kwa nini hamfanyii leo," aliniambia. "Muulize anangoja nini."

Asubuhi nikauliza hivyo hivyo, na daktari akavuta kiti. Klopidogreli inazuia damu kuganda, na huchukua kama siku 5 kuisha nguvu mwilini. Ukimpasua kabla ya hapo anaweza kuvuja damu mkashindwa kuizuia. Aspirini yeye aliendelea nayo. Halafu msuli wa moyo uliotoka kuumia ni dhaifu, na siku ile ya kwanza ndiyo yenye hatari kubwa zaidi ya kumpoteza mgonjwa mezani. Mzee maumivu yalikuwa yamekoma, presha imetulia. Kungoja kulimfaa.

Kisha akanitajia yatakayomfanya asingoje hata saa moja: maumivu yakirudi licha ya dawa, presha ikiporomoka kwa sababu moyo umeshindwa kusukuma damu, au ukuta wa ndani ya moyo au valvu, ule mlango wa damu moyoni, ikichanika. Hapo mgonjwa anaingia chumba cha upasuaji usiku huo huo. Na tusichanganye mambo: kuuzibua kwa stenti, kile kibomba cha waya kinachowekwa ndani ya mshipa, mshipa ulioziba kabisa ghafla ni dharura ya dakika, hakungoji siku 5.

Wetu alipasuliwa siku ya 7. Mshipa mmoja walitoa mguuni, mwingine ndani ya kifua. Wiki zile za kwanza alikuwa akikumbatia mto kila anapokohoa ili mfupa wa kifua usitikisike, na hakuruhusiwa kubeba hata ndoo ya maji. Sasa anatembea mpaka sokoni na kurudi, na mimi najivunia kwamba nilijifunza kuuliza.

Ndugu zangu, tunagombana na madaktari kwa sababu hofu imetujaa. Tuache. Familia ichague mtu mmoja wa kuongea na daktari, awe na daftari, aulize, aandike. Asiyeelewa aulize tena, si aibu. Na mtu kifua kikimbana huku anatoka jasho, msimpe maziwa. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, nawasihi.

Dada wa Kasarani, daktari akipita kesho asubuhi muulize kama baba alipewa klopidogreli, na dozi ya mwisho aliimeza siku gani. Kisha uanze kuhesabu kutoka hapo.