Maswali ya Jikoni: Jibini la Kukaanga Lisilopasuka

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Ninaishi Leipzig na familia yangu, na watoto wamelipenda mno lile jibini la Camembert linalokaangwa ndani ya chenga za mkate, ambalo hapa Ujerumani huuzwa katika mikahawa mingi kama mlo mwepesi. Kila ninapojaribu kulipika nyumbani, ganda hupasuka ubavuni na jibini humwagika kwenye mafuta kabla hata chenga hazijageuka rangi. Je, tatizo ni jibini, mafuta au mkono wangu? (Mama wa watoto watatu, Leipzig)

JIBU: Mama, mkono wako hauna neno. Camembert huyeyuka upesi, ilhali chenga za mkate zinahitaji muda ili zikauke na kushikana, kwa hiyo kazi yote ya mpishi ni kuhakikisha kwamba ganda limekwisha kukamaa kabla joto halijafika katikati. Maelezo yako yananionyesha kwamba jibini lako linaingia katika mafuta likiwa na joto la jikoni, likiwa limevikwa ganda moja tu, na pengine mafuta yenyewe hayajapata moto wa kutosha.

Anza dukani. Chukua vile vidonge vidogo vya gramu 100 hadi 125, na uchague ambavyo tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye pakiti bado iko mbali, kwa sababu jibini hili huendelea kuiva hata likiwa ndani ya karatasi yake. Libonyeze kwa kidole gumba: likiwa bado gumu kidogo katikati linafaa, na likibonyea lote basi lile kwa mkate siku hiyo hiyo. Camembert ya Normandie yenyewe, ile yenye jina linalolindwa kisheria na inayotengenezwa kwa maziwa mabichi, ni ya bei kubwa, na kwa maoni yangu ni israfu kuitumbukiza katika karai. Ile inayotengenezwa Ujerumani inatosha kabisa kwa kazi hii. Ngozi yake nyeupe usiikwangue, kwani ndiyo kizuizi cha kwanza.

Weka jibini katika friza kwa dakika 20 hivi, lipoe sana bila kuganda. Wakati huo andaa sahani tatu: ya unga wa ngano, ya mayai mawili yaliyopigwa pamoja na chumvi na pilipili manga, na ya chenga laini za mkate mweupe uliokauka. Chenga kubwa za Kijapani, ambazo siku hizi ziko kila duka, zinapendeza kwa kamba na kuku, lakini hapa huacha nafasi katikati yake, na jibini lililoyeyuka halihitaji zaidi ya tundu la sindano.

Sasa tujie ubavuni, mahali panapokusumbua. Ngozi ya Camembert ina mikunjo midogo, hasa pembeni, nayo yai haliwezi kushika penye unyevu. Ndiyo maana unga hutangulia. Ligeuzegeuze jibini ndani ya unga, kisha liviringishe kwa ukingo wake kama gurudumu mpaka kila mkunjo uwe mweupe na mkavu, halafu likung'ute ili unga wa ziada udondoke. Lichovye katika yai, lihamishie kwenye chenga na uzigandamize kwa kiganja. Usirudi kwenye unga. Rudi kwenye yai, kisha kwenye chenga kwa mara ya pili. Ganda hili la pili ndilo watu wengi huliruka, na ndilo linaloziba matundu yaliyoachwa na la kwanza. Ukiona doa la njano lenye unyevu mahali popote, ongeza tone la yai na chenga kidogo hapo, kisha ulirudishe jokofuni kwa robo saa.

Kwa kukaangia, Wajerumani wengi hutumia mafuta ya mimea au samli, ambayo wao huiita Butterschmalz. Siagi ya kawaida itaungua. Mafuta yawe na kina cha kufika angalau nusu ya kimo cha jibini, na joto liwe kati ya nyuzi 170 na 180. Ukiwa huna kipimajoto, chovya mpini wa mwiko mkavu wa mti, na ukiona viputo vidogo vinauzunguka mfululizo, mafuta yako tayari. Yakiwa baridi, chenga zitayanywa huku jibini likiyeyuka ndani. Yakiwa na moto wa kupita kiasi, utapata ganda jeusi na kitovu cha baridi. Kaanga vidonge viwili kwa wakati mmoja, si zaidi, dakika mbili hadi tatu kila upande, na ugeuze kwa kijiko kipana badala ya uma. Kikianza kutokea kiputo cheupe kinachotanuka ubavuni, kiopoe kidonge hicho mara moja hata kama rangi haijakolea, kwa kuwa kitapasuka muda si mrefu.

Kiweke juu ya karatasi ya jikoni kwa dakika moja au mbili bila kukifunika, maana mvuke hulainisha ganda. Watoto wasiuume mara moja ule ute wa ndani, kwa sababu hubaki na moto mkali muda mrefu kuliko ganda linavyoonyesha.

SWALI: Nilikula chakula hiki München pamoja na jamu nyekundu yenye uchachu. Hapa Nairobi Camembert ni ghali na jamu ile siioni. Nifanyeje? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Jamu ile ni ya Preiselbeeren, matunda madogo ya porini ya nchi za baridi, yenye uchachu na uchungu kidogo unaokata mafuta ya jibini. Jamu ya choya, au rozela kama wengine wanavyoiita, inaikaribia sana, mradi sukari isizidi. Ya stroberi ni tamu mno.

Kwa jibini, tumia Gouda au Edam iliyokatwa vipande vya unene wa sentimita moja na nusu. Wacheki wana chakula chao cha namna hii, nao hutumia Edam, wakila na viazi na sosi ya mayonezi. Kanuni ya kupoza na kuvika ganda mara mbili haibadiliki.

SWALI: Je, mjamzito anaweza kula jibini hili kwa kuwa limekaangwa? (Msomaji, Zanzibar)

JIBU: Jibini laini lenye ngozi ya ukungu linaweza kubeba bakteria wa listeria, ambao ni hatari kwa mimba, na hata maziwa yaliyochemshwa kiwandani hayaondoi hofu hiyo kabisa, kwani bakteria huweza kuingia baadaye. Joto kali huwaua, lakini kwa dakika chache za kukaanga huwezi kuwa na hakika kwamba limefika sawasawa hadi kwenye kitovu cha Camembert. Ni heri asubiri mpaka ajifungue, au apikiwe ile ya Edam iliyotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa.