Beringi za tairi la lori: ya kujua kabla hujafungua habu

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye gereji za malori, iwe Tabata, Vingunguti au Temeke, sentensi ya kwanza mtakayosikia kuhusu beringi, yaani chuma chenye rola kinacholiwezesha tairi kuzunguka kwenye ekseli, ni "tikisa tairi uone kama linacheza". Litikise, sikatai. Lakini tairi linaweza kucheza beringi ikiwa nzima, na linaweza kutulia kabisa huku beringi imeshaungua. Mkono unakuonyesha pa kutazama tu. Ukitaka kuamua unahitaji geji ya kupimia mchezo, na unahitaji vipimo vya ekseli hiyohiyo uliyoinama mbele yake. Vya ekseli inayofanana nayo havikusaidii.

Tuanze na huko kutikisa, maana ndiko wengi wanakodanganyika. Weka kabari kwenye matairi yanayobaki chini, inua kwa jeki, kisha kalisha ekseli kwenye stendi. Tofali si stendi, hata kama dereva amesimama kichwani kwako anasema mzigo unamsubiri bandarini. Tairi likiwa na breki ya maegesho, hakikisha upepo umejaa na breki imeachia, la sivyo utazungusha kitu kilichoshikwa na breki halafu uilaumu beringi. Pitisha mtaimbo chini ya tairi, nyanyua na ushushe, mwenzako akitazama nafasi iliyopo kati ya dramu na sahani ya breki.

Kwa tairi la mbele kuna jambo moja la ziada. Ukishalishika juu na chini ukaona linacheza, mwambie mwenzako apande akanyage breki, kisha tikisa tena. Mchezo ukipotea, ulikuwa wa beringi. Ukibaki vilevile, nenda katazame kingipini, ile pini ambayo tairi la mbele linakatia kona. Breki inapobana, habu (kitovu cha tairi) inashikamana na kile kipande cha ekseli kinachoibeba, kwa hiyo beringi haina tena pa kuchezea. Jaribio hili ni la dakika moja, na bado naona watu wananunua beringi mbili mpya kwa ugonjwa wa kingipini.

Kisha zungusha tairi kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa kwenye springi au kwenye chuma kilicho karibu na habu. Beringi iliyochimbika inatoa mkwaruzo unaousikia kiganjani kabla haujafika sikioni. Liningi ya breki inayogusa dramu nayo inalia, ila mara nyingi inalia sehemu moja tu ya mzunguko. Chungulia na upande wa ndani wa tairi. Grisi au oili iliyorukia breki imepita kwenye sili, ile ringi ya kuzuia mafuta yasitoke, na sili ikivuja hutabadilisha sili peke yake ukafunga. Lazima ujue kwa nini imevuja, na liningi iliyolowa mafuta hairudishwi kazini kwa kufutwa na tambara.

Ukifungua habu, usikimbilie kufuta grisi. Chukua kidogo, isugue kati ya vidole viwili kwenye mwanga wa jua. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Hapa kwetu hilo si ajabu: lori linashuka Barabara ya Morogoro habu zikiwa za moto, linakuta Jangwani pamefurika, linapita. Habu ikipoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia sili iliyochoka. Grisi ikimetameta, hicho ni chuma cha beringi yenyewe, na hapo huhitaji tena kubishana na mtu.

Osha rola kwa dizeli au mafuta ya taa, kausha kwa kitambaa safi. Kuna mchezo wa vijana wa kupuliza beringi kwa upepo wa kompresa ili izunguke na kulia. Acheni. Inazunguka kwa kasi isiyoundiwa, bila mafuta, na rola ikichomoka inaruka kama risasi. Ikishakuwa safi izungushe taratibu na utazame kila rola, na ringi ya nje iliyobaki ndani ya habu. Rangi ya kahawia au bluu ni joto lililopitiliza. Vishimo na magamba ni chuma kilichochoka. Mistari iliyopangana kwa umbali sawa na wa rola inatokana na kugongwa, au lori kusimama muda mrefu maji yakiwa ndani.

Kuna sababu nyingine ambayo wachomeleaji wetu hawapendi kuisikia. Ukichomelea chasisi au bodi ya tela huku waya wa ethi, ule wa kurudisha umeme kwenye mashine, umeubana mbali, umeme unaweza kupita kwenye beringi kutafuta njia ya kurudi, na unapopita unaacha vidonda vidogo kwenye rola. Lori linatoka gereji bodi ikiwa imara, baada ya muda beringi inaanza kunguruma, na hakuna anayehusisha mambo hayo mawili. Ethi ibanwe karibu na pale unapochomelea.

Sasa kukaza nati ya beringi, na hapa ndipo suala la taarifa linapoingia. Utasikia "kaza mpaka igome, rudisha robo". Robo ya nini? Nyuzi za nati zinatofautiana, kwa hiyo robo ya ekseli moja si robo ya nyingine. Wamarekani wana utaratibu wao wa habu za kurekebisha kwa mkono, unaitwa RP 618: unakaza nati ya ndani kwa futi-paundi 200 huku unazungusha habu ili rola zikae, unailegeza mzunguko mmoja kamili, unakaza tena kwa futi-paundi 50 ukiendelea kuzungusha, kisha unairudisha kiasi kinachotegemea ekseli na idadi ya nyuzi. Baada ya hapo unafunga nati ya kubana na kupima kwa geji ya mshale. Habu ikisukumwa na kuvutwa, mchezo uwe kati ya inchi 0.001 na 0.005, yaani milimita 0.025 hadi 0.127. Kiasi hicho mkono haukioni. Ndiyo maana anayesema "nimeisikia iko sawa" amekuambia tu kwamba hajapima.

Usichukue namba hizo ukaenda nazo kwenye kila lori. Malori mengi ya Ulaya na matela yake yana maelekezo tofauti, na mengine yana habu ya kisasa ambayo beringi yake imepangwa kiwandani. Hiyo ukiona inacheza kupita kipimo cha mtengenezaji, unabadilisha yote. Kuna na suala la vizio vya nguvu ya kukaza. Futi-paundi 200 ni nyutoni-mita 271. Ukiweka 200 kwenye toki renchi (spana ya kupimia nguvu ya kukaza) ya nyutoni-mita umekaza pungufu kwa zaidi ya robo. Ukifanya kinyume chake, kwa nati za tairi zinazotakiwa nyutoni-mita 600, utapitiliza mia nane na kuivuta bolti mpaka ichoke.

Basi taarifa ya kweli inatoka wapi? Kwanza kwenye chuma. Tela lina kibao kwenye ekseli chenye jina la mtengenezaji na aina. Chukua brashi ya waya, usafishe, upige picha. Lori lenyewe lina namba ya chasisi. Kwa vitu hivyo viwili wakala wa kampuni husika anaweza kukupa ukurasa sahihi, na watengenezaji wengi wa ekseli wanaweka vitabu vyao kwenye mtandao bure. Bila hivyo, hata fundi mwenye miaka thelathini anakubahatishia, na wazee wetu walio waungwana watakuambia hivyo wenyewe. Aliyepita chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe au Chuo cha Usafirishaji (NIT) Mabibo asitupe madaftari yake. Pale ndipo unapojifunza kusoma jedwali, na jedwali ndilo linalowashinda wengi.

Video na makundi ya WhatsApp situpi. Nayatumia. Lakini video isiyotaja ekseli gani, mwaka gani na kizio gani, itazame kwa ajili ya mikono tu: namna anavyoshika zana, anavyotoa sili. Namba iliyotumwa kwa sauti bila picha ya ukurasa sikai nayo.

Ukienda kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani kununua, nenda na beringi ya zamani mfukoni na usome namba iliyochorwa kwenye uso wa ringi, siyo ya kwenye boksi. Mfano 33213: tarakimu mbili za mwisho zidisha kwa 5, unapata 65, ndiyo milimita za tundu la ndani. Muuzaji akikupa "inayoingia" lakini namba tofauti, rudisha. Maandishi yaliyofifia, boksi jina kubwa na bei ya kuchekesha, wewe mwenyewe unajua. SKF na Schaeffler wana programu za simu za kukagua bidhaa zao, zitumie kabla hujalipa. Na ringi ya nje inabadilishwa pamoja na rola zake, hata kama ya zamani inang'aa. Grisi nayo ulizia aina. Ukichanganya zisizopatana zinaweza kuyeyuka na kumwagika habu ikipata moto.

Kazi ikiisha, mwambie dereva na utingo wake kwamba mzani wa Vigwaza si wa kupanga foleni tu. Wakisimama pale, washuke waguse vifuniko vya habu kwa mgongo wa mkono, kulia na kushoto kwa ekseli ileile. Zote zikiwa vuguvugu sawa, waendelee. Moja ikiwa na moto peke yake, waangalie kama joto liko zaidi kwenye dramu, hapo breki inabana, au liko kwenye habu, hapo wasiondoke kabla hawajakupigia. Na kwa kuwa matairi yalitolewa, nati za tairi zikazwe upya palepale kwa kipimo.