Jeshi dogo na zana zake: ninayowaambia maofisa vijana wa karakana

Nimefanya kazi miaka mingi kwenye karakana na bohari za jeshi dogo, na bado nawakuta maofisa vijana wanaopangiwa ugavi au ufundi wakidhani wametupwa pembeni. Nawaandikia ninyi. Siku mambo yakiharibika, kamanda hatauliza jeshi lina vifaru vingapi kwenye orodha. Atauliza vingapi vinaweza kutoka getini saa hii, na wa kumjibu ni wewe.

Kinacholimaliza jeshi dogo mapema kuliko uchakavu ni wingi wa aina za zana. Serikali moja inanunua malori kwa nchi hii, inayofuata inapokea msaada wa magari ya deraya kutoka nchi ile, halafu kunatokea punguzo kwa muuzaji wa tatu. Kikosi kimoja kinajikuta na malori ya aina nne au tano, na kila aina ina filta yake, mkanda wake na oili yake. Haya yanataka spana za inchi, yale za milimita, na kitabu cha matengenezo kimeandikwa kwa lugha ambayo hakuna fundi anayeisoma. Fundi aliyebobea kwenye injini moja anakuwa mwanafunzi akivuka upande wa pili wa karakana. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kisasa kabisa unayoweza kulifanyia jeshi lako haihitaji ununuzi wowote: orodhesha aina zote, chagua zitakazobaki, na zile nyingine ziondolewe rasmi. Utapingwa, kwa sababu kila aina ina mkubwa wake anayeipenda. Vumilia.

Nasisitiza neno rasmi kwa sababu njia isiyo rasmi naijua vizuri. Lori linapata hitilafu ndogo, linaegeshwa kusubiri kipuri. Wiki inayofuata mtu ananyofoa pampu ya dizeli kuokoa lori jingine lenye safari. Kisha inaondoka betri, altaneta, taa, kioo. Na kwa kuwa aliyenyofoa pampu hakuziba midomo ya mabomba, vumbi na maji vimeingia hadi ndani ya injini. Lori limebaki fremu, lakini kwenye taarifa ya mwezi bado linahesabiwa kuwa linasubiri matengenezo. Sikatazi kunyofoa, maana kuna wakati hakuna njia nyingine. Ila kuwe na amri ya maandishi, kipuri kiandikwe kimetoka wapi kimeenda wapi, na kila tundu lizibwe siku hiyo hiyo.

Taarifa zenyewe zinahitaji ukali. Neno “zima” kwenye fomu limebeba uongo mwingi. Mimi nilikuwa nataka kila gari la kivita lijibiwe mambo matatu: linatembea? linapiga? linawasiliana? Gari la deraya lenye injini safi na redio iliyokufa ni teksi nzito tu. Unapotenganisha majibu hayo, unagundua mara nyingi kwamba fedha iliyokuwa ikiombwa kwa injini mpya ingefanya kazi kubwa zaidi kwenye nyaya, antena na betri.

Halafu kuna magari yanayotunzwa kwa kutoguswa. Watu wanaamini gari lisilotembea halichakai. Ingia chini ya gari lililokaa miezi mingi bila kusogezwa uone. Sili za mpira zimekauka upande usiofikiwa na oili, na siku utakapoliwasha zitavuja zote kwa pamoja. Chini ya tangi la dizeli kuna maji, na kati ya maji na mafuta kuna utando mweusi unaoteleza kama kamasi, ambao utaziba filta kilomita chache baada ya kuondoka. Matairi yamelala upande mmoja hadi yamepata bapa. Panya wamekula nyaya. Weka ratiba ya kuwasha na kuendesha, si kuwasha tu, mpaka injini na giaboksi zipate moto wa kutosha. Na ukikagua matairi, acha kutazama kashata (meno ya tairi) peke yake. Soma tarakimu nne za mwisho za msimbo ubavuni: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Tairi lenye 1409 limetoka kiwandani wiki ya 14 ya mwaka 2009, hata kama linang’aa.

Ghala la risasi na mabomu ndilo linaloninyima usingizi kuliko yote. Baruti ya kusukumia risasi huoza polepole yenyewe kwa yenyewe, ndiyo maana huchanganywa na kemikali ya kuituliza. Joto huimaliza kemikali hiyo haraka, na ikiisha baruti inaweza kupata moto bila kuguswa na mtu. Maputo mwaka 2007, Mbagala 2009, Gongo la Mboto 2011, Brazzaville 2012: maghala ya jeshi yalilipuka na raia wakapoteza maisha. Kila tukio lilikuwa na mazingira yake, lakini makazi ya watu yalikuwa jirani na ghala kila mara. Umoja wa Mataifa una miongozo ya kimataifa ya kutunza risasi na milipuko, na inapatikana bure. Isome kabla hujasoma katalogi yoyote ya muuzaji. Kipimajoto ukutani, daftari la kila siku, sampuli kupelekwa maabara, na ujasiri wa kuteketeza kilichopitwa na wakati ni gharama ndogo mno ukilinganisha na mazishi.

Sasa kuhusu kuboresha zana za zamani. Inawezekana, na wapo waliofanya vizuri. Singapore ilichukua vifaru vyepesi vya Kifaransa, AMX-13, vilivyokuwa vikitumia petroli, ikaviwekea injini za dizeli. Ilichukua pia ndege za A-4 Skyhawk zilizokwisha kutumika Marekani, ikazipa injini ya F404, ya familia ile ile ya ndege za F/A-18, na zikaendelea kuruka hadi karne hii. Ninachokiona mimi hapo ni kwamba walijenga viwanda na mafundi wao wakati wakifanya hivyo, kwa hiyo ujuzi ulibaki nyumbani. Romania nayo iliziwekea MiG-21 zake vifaa vipya vya kielektroniki miaka ya 1990 na kuzistaafisha mwaka 2023. Ilinunua muda, lakini mwili wa ndege ulibaki ule ule wa zamani.

Ukiniuliza pa kuanzia, nitasema redio na darubini za kuonea usiku, kisha injini. Silaha kubwa na deraya ya nyongeza ziwe mwisho. Kila tani unayoongeza juu ya kifaru cha zamani inabebwa na magurudumu, giaboksi na breki zilizoundwa kwa uzito mwingine. Hata redio mpya zina gharama yake iliyojificha: uliza kama altaneta iliyopo inatosha kuzilisha, na kama nyaya za miaka ile zitahimili.

Kuhusu misaada na mikataba, kumbuka kwamba bei ya kununua ni sehemu ndogo. Wakaguzi wa serikali ya Marekani hukadiria kuwa uendeshaji na matengenezo huchukua karibu asilimia 70 ya gharama ya zana katika uhai wake wote. Kwa hiyo zawadi isiyo na vipuri, vifaa maalumu vya ufundi na mafunzo ni deni. Soma pia masharti ya mtumiaji wa mwisho, yaani yale yanayokuzuia kumpa mwingine ulichouziwa bila ruhusa ya nchi iliyokitengeneza. Mwaka 2022 Uswisi iliikatalia Ujerumani kuipelekea Ukraine risasi za Gepard, kifaru cha kutungulia ndege, zilizotengenezwa Uswisi, na Ujerumani si nchi ndogo. Jiulize nani atakuwa na uwezo wa kukufungia bomba la vipuri, na una akiba ya muda gani.

Yote hayo yanategemea watu. Ireland mwaka 2023 ililazimika kuegesha meli za kivita zilizokuwa bado nzuri kwa sababu mabaharia hawakutosha. Fundi wako mzuri anatafutwa na makampuni ya nje, na hutaweza kushindana nao kwa mshahara. Unaweza kumpa nyumba yenye heshima, kozi, na njia ya kupanda cheo bila kumtoa kwenye spana na kumweka kwenye meza. Na timu ya kujadili mkataba ikiundwa, omba sajenti wa karakana awemo ndani yake, aketi mezani na wakubwa, na asilimia ya fedha ya mkataba inayotengwa kwa vipuri isikubaliwe kabla yeye hajaipitia.