Handaki Gani Liunganishe Mitandao ya Redio za Ridhaa?

Kabla ya kuchagua itifaki, jua handaki lako (tunnel, njia inayobeba pakiti za mtandao ndani ya pakiti nyingine) litapita wapi: kwenye intaneti au hewani.

Wengi walio kwenye 44Net (mtandao wa IP wa redio za ridhaa) wameanza na IPIP (pakiti ya IP ndani ya pakiti nyingine ya IP), na kwa haki. Ni nyepesi, inaongeza baiti 20 tu kwa kila pakiti. Tatizo ni kwamba haina poti. Yenyewe ni itifaki namba 4, sawa na TCP ilivyo namba 6, kwa hiyo kufungua "poti 4" kwenye ruta ya nyumbani hakusaidii kitu. Na kama anwani ya WAN (upande wa intaneti wa ruta yako) iko kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya NAT ya mtoa huduma (wateja wengi wanashiriki anwani moja ya umma), IPIP isahau.

Hapo chukua WireGuard, handaki linalosimba data. Inapita kwenye UDP, na anwani ya umma inahitajika upande mmoja tu. Upande ulio nyuma ya NAT weka PersistentKeepalive = 25, la sivyo ruta itasahau njia baada ya kimya kifupi na mwenzako hatakufikia hadi wewe uanze.

Ping ikipita lakini kurasa zikagoma kufunguka, shuku MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti. WireGuard kwa kawaida hutumia 1420. Pima ndani ya handaki kwa ping -M do -s 1392 (1392 na baiti 28 za vichwa ni 1420). Ikikataa, shusha mpaka ipite, kisha bana MSS ya TCP (kiwango cha juu cha data katika kila pakiti) iwe MTU toa 40.

Ukiendesha OSPF (itifaki ya ruta kujulishana njia), kila jirani (ruta ya upande wa pili) apewe kiolesura chake, AllowedIPs (anwani zinazoruhusiwa kupitia kwa jirani huyo) iwe 0.0.0.0/0, na kwenye wg-quick uandike Table = off, isijiwekee njia yenyewe. Ukiwarundika majirani kwenye kiolesura kimoja, anwani ileile haiwezi kuwa ya wawili: anayeandikwa mwisho anaichukua. Na pasipo 224.0.0.5 (anwani ya kikundi ya OSPF) kuruhusiwa, salamu za OSPF hutupwa kimyakimya.

Sasa hewani. Marekani, kanuni za Part 97 (za redio za ridhaa) zinakataza ujumbe uliosimbwa ili kuficha maana, na WireGuard haina namna ya kuzima usimbaji. Iishie kwenye ruta, kabla ya redio; kipande cha redio kipitishe IP tupu, au GRE (handaki lisilosimba) ikibidi. Mtego uko hapa: intaneti ikikatika, njia mbadala inaweza kuzisukuma pakiti za WireGuard zitoke kupitia redio. Kwenye kiolesura cha redio, zuia UDP ya poti yako ya WireGuard (mara nyingi 51820), kwa OUTPUT (pakiti za ruta yenyewe) na FORWARD (zinazopita tu) zote mbili. Kisha chomoa waya wa intaneti, uangalie kwa tcpdump (programu ya kuonyesha pakiti) kinachotoka.