Lenzi za safari kwa anayeirudia kamera: mawazo yangu kutoka Moshi

Mkuu, nimekusoma. Una Canon EOS 550D iliyolala kabatini tangu simu zianze kupiga picha za maana, una ile lenzi ya milimita 18-55 iliyokuja nayo, Desemba unaleta familia ukweni Marangu na baada ya sikukuu mnakwenda Ngorongoro. Unauliza ununue 18-200 moja imalize kila kitu, au uuze vyote uhamie kwenye kamera za mirolesi, zile mpya zisizo na kioo ndani. Mimi niko Moshi, nami niliiweka kamera pembeni miaka kadhaa kabla ya kuirudia, na bodi yangu, yaani kamera bila lenzi, ni ya ukoo huo huo. Jibu fupi: usiuze kitu kabla ya safari, na 18-200 achana nayo.

Wadau wengi wamekushauri uanze na lenzi pana kwa ajili ya mandhari. Mimi sikubaliani nao. Lenzi pana tayari unayo mfukoni. Kamera kuu ya simu nyingi za sasa inaona upana wa karibu milimita 24 hadi 26 kwa kipimo cha fremu kamili, yaani sensa kubwa ya ukubwa wa filamu ya zamani. Milimita 18 kwenye bodi yako, ukizidisha kwa 1.6 kwa sababu sensa yake ni ndogo, zinakuwa 29. Maana yake simu inaona pana kuliko lenzi yako, na jua likiwa limewaka inatoa picha ambayo shemeji zako hawataiona tofauti. Vinavyoishinda simu ni viwili: kilicho mbali na kilicho gizani. Hela yako ipeleke huko.

Kwa umbali, chukua Mlima Kilimanjaro wenyewe. Mgeni akishuka Moshi akakuta Kibo, kile kilele kirefu, iko wazi, anachomoa simu, kisha analalamika kwamba mlima umetoka kama kichuguu. Kutoka mjini hadi kileleni ni kama kilomita 30 kwa mstari ulionyooka, na lenzi pana inausogeza nyuma zaidi. Ukiwa kwenye 18, kile kichwa cha Kibo kinachukua kipande kidogo tu cha upana wa picha. Vuta hadi 100, kinakaribia kujaza fremu, na mabati ya nyumba na miti ya mbele yanaonekana yameuegemea mlima. Ukitaka Kibo na Mawenzi, kilele cha pili, wakae pamoja ukiwa mjini, 40 hivi inatosha, kwa hiyo hata 18-55 yako inaweza. Watu wanadhani mlima mkubwa unataka lenzi pana. Ukiwa mbali nao hivi, ni kinyume. Saa nayo ina neno lake: amka alfajiri, maana mara nyingi asubuhi ikisogea wingu linapanda na kuufunika, na linaweza lisiachie mpaka jioni.

Lenzi ya kazi hiyo ni 55-250, na hakikisha imeandikwa STM (aina ya mota ya fokasi), si zile za kabla yake. Ina gramu 375 tu, na kwenye bodi yako inafika sawa na milimita 400. Hiyo hiyo ndiyo ya Ngorongoro. Simba wa kule wakati mwingine wanapita ubavuni mwa gari na utatamani lenzi fupi, lakini gari haliruhusiwi kuacha barabara, kwa hiyo faru mara nyingi atabaki doa. Usijilaumu kwa hilo, hata wenye mizinga ya lenzi wanarudi na doa, ila doa lao ni kubwa kidogo. Mchana joto likipanda kutoka ardhini, picha ya kitu cha mbali inatetemeka na hakuna lenzi inayoliponya, subiri kisogee. Mwombe dereva azime injini, tia kilo mbili za mchele kwenye mfuko wa kitambaa, weka kwenye ukingo wa paa la gari na ulaze lenzi juu yake. Spidi ya shata isishuke chini ya 1/500 ya sekunde, na wanyama wakianza kukimbia nenda 1/1000.

Sasa giza, na hapa ndipo Marangu itakapokupima. Kihamba, shamba la nyumbani la Wachaga, kina kivuli cha aina yake: migomba juu, kahawa chini yake, mwanga unadondoka vipande vipande. Halafu jikoni kwa bibi, halafu usiku ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, anapoletwa mbele ya ukoo na taa ni balbu moja uani. Hiyo 18-55 ikiwa kwenye 50 inafunguka mwisho f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga unaingia mwingi). Ile 50 STM ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Pale ambapo zumu inakulazimisha 1/15 na kila anayecheka anatoka na ukungu usoni, hii inakupa zaidi ya 1/125. Kwenye 550D mimi sipendi kuvuka ISO 1600 (ISO ni wepesi wa sensa kwa mwanga, ikipanda picha inajaa chenga), kwa hiyo tofauti hiyo ni kubwa. Ina gramu 160, hutaihisi kwenye mkoba.

Angalizo: kwenye bodi yako 50 inageuka 80. Sebuleni utajikuta mgongo uko ukutani na bado nusu ya mashangazi wamekatwa. Kama picha zako nyingi ni za kundi ndani ya nyumba, tafuta 24 STM ya f/2.8. Kwa sura za wazee, mmoja mmoja, sijaona cha kuishinda 50 kwa bei yake. Usiifungue yote kila saa, f/2.2 au 2.8, kidoa cha fokasi cha katikati kwenye jicho, unapiga.

Ya 18-200 nieleze kidogo. Ina gramu 595, na 18-55 pamoja na 55-250 zikijumlishwa hazizidi hapo. Inaishia 200 na gizani haisaidii. Faida yake ya kweli ni moja: hubadilishi lenzi kwenye vumbi. Lakini hifadhini acha 55-250 ikae kwenye bodi kutwa nzima, na kilicho karibu kipige kwa simu. Vumbi halipati mlango.

Mirolesi ni nzuri, sibishi. Ila lenzi hizi za Canon (EF na EF-S) zinakaa kwenye bodi za EOS R, mirolesi za Canon, kwa adapta na autofokasi inafanya kazi, kwa hiyo ukinunua leo hujapoteza. Bodi utabadilisha ukishajua kama umerudi kweli au ni homa ya likizo. (Wenye Nikon mnaosoma: bodi za D3000 na D5000 na wadogo zake hazina mota ya fokasi, hivyo 50 ya f/1.8D mtaizungusha kwa mkono. Tafuteni AF-S, zenye mota ndani ya lenzi.)

Ukinunua mtumba, washa tochi ya simu upande wa nyuma wa lenzi na uchungulie mbele. Ukiona nyuzi kama za utando, ni kuvu, na lenzi zilizokaa pwani huwa nazo sana. Iweke kwenye bodi yako, piga ya karibu na ya mbali, zungusha zumu yote. Muuzaji akikataa ujaribu, ondoka.

Na kabla ya yote ichaji hiyo betri ya LP-E8 leo, uone inakaa muda gani. Kama imezeeka, nunua mbili, kwa sababu porini unaweza kukosa pa kuichomeka.