Maswali na Majibu ya Ujenzi: Zuio la Maji Linapogeuka Rangi Juu ya Paa

SWALI: Mhandisi, salamu. Nyumba yangu ya Kigamboni ina paa bapa la zege. Mwaka jana, baada ya masika, fundi alilipiga zuio la maji la kimiminika kwa rola, mikono miwili (yaani tabaka mbili), rangi nyeupe pe. Sasa paa lote limekuwa manjano kama gazeti la zamani. Juzi tulihamisha tenki la maji, na pale lilipokuwa limekaa pamebaki duara jeupe kama siku ya kwanza. Fundi anasema ni chumvi ya bahari. Jirani anasema niliuziwa mali iliyokwisha muda wake. Nani mkweli, na je, paa litavuja?
*Msomaji, Dar es Salaam*

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na jirani yako, kwa kuwa duara la chini ya tenki limekwisha kumjibu: kama mali ingekuwa mbovu tangu ndani ya ndoo, ingegeuka manjano kila mahali, penye jua na pasipo jua. Kuhusu fundi, chukua brashi na maji ya sabuni, usugue sehemu ya ukubwa wa kiganja. Chumvi na vumbi vitaondoka kwa dakika mbili. Umanjano ukibaki palepale, basi umo ndani ya utando wenyewe, na aliyeuleta ni jua.

Kwa maelezo yako, ninaamini ulipigiwa poliyurethani, plastiki ya kimiminika inayokauka kuwa utando, ya aina iitwayo aromatiki. Aina hii hutengenezwa kwa kiungo ambacho molekuli zake zina pete za benzini. Miale ya urujuanimno na oksijeni ya hewani hushambulia sehemu zilizo karibu na pete hizo na kuzaa miundo mipya inayomeza mwanga wa bluu, na mwanga wa bluu ukishamezwa, kinachorudi machoni ni umanjano, na baadaye ukahawia. Hakuna ufundi wa rola unaoweza kulizuia jambo hilo. Hata titani, ile rangi nyeupe iliyomo ndani ya ndoo, hulipunguza tu bila kulikomesha. Poliyurethani ya alifatiki haina pete hizo, na kwa sababu hiyo hubaki na rangi yake kwa miaka mingi, ila bei yake ni kubwa zaidi. Utaratibu unaofaa ni kutandaza aromatiki chini, kwa kuwa ni imara, inavutika na ni nafuu, kisha kuifunika kwa mkono mwembamba wa alifatiki. Mara nyingi mkono huo wa mwisho ndio unaorukwa ili bei ya kazi ishuke, na mwenye nyumba haambiwi. Laiti ungechagua kijivu au nyekundu ya udongo, mabadiliko yaleyale yangetokea usiyaone. Rangi nyeupe ndiyo isiyojua kuficha.

Sasa kuhusu kuvuja. Umanjano peke yake ni jambo la ngozi ya juu, na utando ulio chini yake unaweza kuwa mzima kabisa. Dalili ya kuogopa ni unga. Pitisha kiganja chako juu ya paa likiwa kavu, au burura kitambaa cheusi kwa nguvu: kikitoka na unga mweupe kama wa chaki ya shuleni, resini inayoshikilia rangi inaliwa, na unene wa zuio unapungua kidogo kidogo kila mvua inapouosha unga huo. Baada ya unga hufuata nyufa nyembamba kama nywele, kwanza kwenye kona ambapo paa hukutana na ukuta. Ukiona nyufa hizo, usisubiri masika mengine.

Ikiwa hakuna nyufa, huna haja ya kubandua chochote. Osha paa, likauke kabisa, likwaruzwe kwa msasa ili mng'ao uondoke, lipakwe rangi ya kushikisha ambayo mtengenezaji ameitaja, kisha mikono miwili ya alifatiki. Kabla ya kununua ndoo zote, jaribu kwenye kona moja: zamisha ncha ya ukanda wa kitambaa ndani ya mkono mbichi, uache wiki moja, halafu uvute. Ukitoka mzima na kubeba rangi yote, maandalizi hayakutosha. Wapo watakaokushauri akriliki kwa sababu haigeuki manjano kwa urahisi na ni nafuu. Ni kweli, lakini akriliki nyingi hulainika na kuumuka mahali maji yanapotuama, na sijaona paa bapa nyingi zisizo na dimbwi hata moja.

SWALI: Tuliweka zuio la lami la kuchoma kwa gesi, jeusi tupu, unene wa milimita 4. Halijavuja hata tone. Lakini tangu kiangazi kianze, kila asubuhi yenye umande hushuka michirizi ya kahawia, mithili ya chai ya rangi, ikachafua ukuta mweupe tuliotoka kuupaka. Je, lami inayeyuka?
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Haiyeyuki. Jua na oksijeni huivunja ngozi ya juu ya lami kuwa chembe ndogo zinazoyeyuka katika maji. Mvua kubwa huziondoa kabla hazijawa nyingi, bila mtu kuzitambua. Umande hauna maji ya kutosha kuziosha, kwa hiyo huzikusanya, huteremka nazo polepole na kuzikausha ukutani. Ndiyo maana tatizo hili hujitokeza wakati wa kiangazi na kupungua mvua zinaporudi. Uoshe ukuta mapema, kabla doa halijazeeka, na kwa sasa usielekeze maji ya paa hilo kwenye tenki la kunywa.

Tahadhari moja: usikimbilie kupaka rangi nyeupe moja kwa moja juu ya lami mpya. Mafuta ya lami hupanda, na katika miezi michache nyeupe yako itakuwa rangi ya maziwa ya chai. Panahitajika kwanza mkono wa kuzuia mafuta hayo. Rangi ya alumini iliyotengenezwa kwa ajili ya lami ni njia rahisi zaidi, na mafundi wengi wanaifahamu. Kwa jengo jingine, nunua zuio lililomwagiwa chembe za mawe juu yake tangu kiwandani, kwani chembe hizo huikinga lami isipigwe na jua. Ila nunua roli zote za mkupuo mmoja wa kiwanda, kwa sababu kijani cha mkupuo huu na kijani cha mkupuo ule hutofautiana hata kabla jua halijavigusa.

SWALI: Kamati yetu ya ujenzi wa msikiti inataka zuio la kijani kulizunguka kuba. Muuzaji ametuletea karatasi inayosema rangi imepimwa saa 2,000 chini ya taa za urujuanimno bila kupauka. Hiyo ni sawa na miaka mingapi Mombasa?
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Hakuna hesabu ya haki ya kugeuza saa hizo kuwa miaka, na anayewapa jibu la haraka anawauzia matumaini. Mzunguko mmoja unaotumika sana katika kipimo cha ASTM G154, utaratibu wa maabara wa kuanika bidhaa chini ya taa za urujuanimno, huwa na saa 8 za taa na saa 4 za unyevu gizani, hivyo katika saa 2,000 taa imewaka kama saa 1,333 tu. Aidha, taa haijui chumvi ya bahari, madimbwi, vumbi la barabarani wala kinyesi cha kunguru. Kipimo hicho kinafaa kulinganisha bidhaa mbili zilizowekwa chini ya taa moja, na ni vyema kitumike kwa kazi hiyo.

Ulizeni mambo mawili. Kwanza, "bila kupauka" ni kwa macho ya nani? Maabara hutoa namba, ama tofauti ya rangi inayoandikwa ΔE, ama daraja la kijivu la 5 hadi 1, ambapo 5 ni rangi isiyobadilika. Namba isipoandikwa, sentensi hiyo haina uzito. Pili, kijani hicho kinatokana na nini? Kijani cha oksaidi ya kromi hakina mvuto mkubwa, kimefifia kidogo tangu mwanzo, lakini hustahimili jua vizuri mno. Kijani kikali cha kuvutia mara nyingi hutokana na rangi za kaboni, na kadiri kinavyochanganywa na nyeupe ili kiwe hafifu, ndivyo kinavyopauka upesi.

Huu ndio ushauri wangu kwa kamati: chukueni vibao viwili au vitatu vya sampuli kutoka kwa kila muuzaji, mfunike nusu ya kila kibao kwa karatasi ya alumini, mviweke juu ya paa mahali hapohapo patakapojengwa, na mviache kaskazi yote. Mwandike tarehe upande wa nyuma, kwa kalamu ya risasi, maana wino nao hupauka.